Mvivu wa London: Kisa cha Jarida la The Idler na Suala la Kicheko katika Uhakiki

Muhula uliopita nilipeleka pendekezo la mada ya semina. Nilitaka kuandika juu ya kichekesho katika nathari. Jibu nililopewa lilikuwa la maneno machache tu: hiyo ni fasihi pendwa, nenda katafute kitu kizito. Sikubisha. Mwanafunzi habishani na mwenye kalamu nyekundu. Nilikwenda nikatafuta kitu kizito, nikakiandika, nikapata alama zangu, yakaisha. Lakini neno lile "kizito" lilibaki likinikereketa. Uzito wa nini, na unapimwa kwa mizani ya nani?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya kuzunguka kidogo, yaani kwa kueleza historia ya jarida moja la Kiingereza lililoitwa The Idler, maana yake Mvivu. Lilitoka London kila mwezi kuanzia Februari 1892 hadi mwaka 1911. Lilikuwa jarida la hadithi, vichekesho na michoro, na kundi la waandishi waliolizunguka lilitazamwa na wakubwa wa uhakiki wa siku zake kama vile pendekezo langu lilivyotazamwa. Tofauti ni kwamba wao waliweka wazi kwa nini wanalidharau. Siku hizi tunasema "pendwa" tukanyamaza.

Najua wapo watakaouliza: ya Waingereza yanatuhusu nini sisi? Swali la haki. Kila aliyepita katika kozi ya maendeleo ya riwaya ya Kiswahili anakumbuka Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, tafsiri za Frederick Johnson zilizotoka mwaka 1929. Tumefundishwa, na ni kweli, kwamba tafsiri hizo zilikuja kwa mgongo wa elimu ya kikoloni. Lakini tunazijadili kana kwamba vitabu vyenyewe vilidondoka kutoka mbinguni vikiwa vimeshajalidiwa. Watunzi wake, Rider Haggard na Robert Louis Stevenson, wote wawili waliitwa na The Idler waeleze walivyoanza kuandika, na waliyoyasema humo hayafanani hata kidogo na mtunzi mkuu tunayemjenga darasani. Nitafika huko. Kwanza tuwajue wenye jarida.

Aliyelianzisha ni Robert Barr, Mskoti aliyezaliwa Glasgow mwaka 1849, akalelewa Kanada, akawa mwalimu hadi akafikia ualimu mkuu katika mji wa Windsor, Ontario. Baadaye alivuka mto akaingia katika gazeti la Detroit Free Press la Marekani, na mwaka 1881 akatumwa London kufungua toleo la huko. Kwa hiyo alikuwa mtu wa magazeti hasa, mwenye kujua bei ya karatasi na tabia za wasomaji, na aliyezoea ucheshi wa Kimarekani usioogopa kuvua koti mbele ya wageni. Hadithi zake za kuchekesha alizitia jina la bandia, Luke Sharp.

Barr alikuwa na mtaji na akili ya biashara. Alichokosa ni jina la kuwavuta watu. Inasemekana alifikiria watu wawili, Rudyard Kipling na Jerome K. Jerome. Jerome mwenyewe, katika kumbukumbu zake alizozitoa mwaka 1926, anasimulia kwa utani kwamba Barr alimchagua yeye kwa kuwa alimwona ndiye rahisi kuendeshwa, maana taya la Kipling halikumpendeza. Kama ni kweli au ni chumvi ya mcheshi, sioni haja ya kupeleleza. Hata chumvi ina habari yake: Barr alitaka mshirika, hakutaka bosi.

Sasa Jerome ndiye anayeibeba hoja yangu. Alizaliwa Walsall mwaka 1859. Baba yake alipoteza mali katika biashara ya makaa ya mawe, familia ikaangukia mashariki mwa London, upande wa watu maskini. Wazazi wote wawili walifariki yeye akiwa bado kijana mdogo. Aliacha shule ana miaka 14 akaenda kufanya kazi katika kampuni ya reli. Baadaye akazunguka na vikundi vya maigizo, akafundisha, akawa karani wa wakili. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha insha za kuchekesha ambamo msimulizi anajiita mvivu, na mwaka 1889 akatoa Three Men in a Boat, kisa cha vijana watatu na mbwa wao wanaosafiri kwa mashua katika mto Thames. Hakuna kinachotokea humo. Wanashindwa kufungua kopo, wanalowa mvua, wanagombana. Kitabu kikauzika ajabu, na mpaka leo kinaendelea kuchapishwa.

Wahakiki walikasirika. Hawakusema tu kwamba kitabu ni kibaya. Jarida la Punch, ambalo tangu 1841 ndilo lililokuwa kama serikali ya ucheshi wa Kiingereza, lilimbandika jina la 'Arry K. 'Arry. Utani huu unahitaji maelezo kwa sisi wa huku. Watu wa tabaka la chini wa London, katika matamshi yao, huidondosha herufi "h" mwanzoni mwa neno, kwa hiyo Harry huwa 'Arry. Punch lilikuwa limeshamzoesha msomaji mhusika wa jina hilo: karani au muuza duka mdogo, mwenye kelele, aliyevaa nguo za bei rahisi za kuonyesha, anayejitia mambo makubwa siku za mapumziko. Kumwita Jerome 'Arry ni sawasawa na sisi tunapomcheka mtu kwa sababu "r" na "l" zinapishana kinywani mwake, halafu tukaliita cheko hilo uhakiki wa fasihi. Hoja haikuwa fani wala maudhui ya kitabu. Waliona huyu mtu hakupaswa kuwapo mezani.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoanza kulielewa lile neno "kizito".

Maana wasomaji wa Jerome walikuwa akina nani? Mwaka 1870 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoanza kutandaza shule za msingi nchi nzima. Mwaka 1880 kuhudhuria kukawa lazima, na mwaka 1891 ada ya shule hizo ikaondolewa kwa sehemu kubwa. Tayari kodi ya magazeti ilikuwa imefutwa mwaka 1855 na ushuru wa karatasi mwaka 1861. Isitoshe, katika miaka ya 1880 na 1890 ilienea njia ya kuhamisha mchoro au picha hadi kwenye bamba la chuma kwa kutumia kamera, badala ya fundi kukaa siku nzima akichonga ubao kwa mkono. Michoro ikawa rahisi. Yaunganishe hayo matatu, yaani msomaji mpya, karatasi rahisi na picha rahisi, utapata karani aliyepanda treni ya asubuhi kwenda kazini, mwenye peni sita mfukoni na dakika arobaini za kupoteza. George Newnes alimwona mapema. Januari 1891 alianzisha The Strand Magazine kwa peni sita, lenye michoro tele, na Julai mwaka huo huo likaanza kutoa hadithi fupi za Sherlock Holmes. Mwaka mmoja baadaye The Idler likaja kwa bei hiyo hiyo, likichapishwa na Chatto & Windus, kumfuata msomaji yule yule kwenye treni ile ile.

Kwa hiyo jina lenyewe ni kejeli. Jarida la wavivu lilisomwa na watu waliofanya kazi siku sita kwa wiki. Samuel Johnson alikuwa ameshalitumia jina hilo kwa insha zake za mwaka 1758 hadi 1760, na Barr na Jerome bila shaka walilijua hilo. Lakini mvivu wa Johnson alikuwa mwanazuoni anayejisuta. Mvivu wa 1892 ni karani anayedai saa yake moja ya kutofanya chochote, na kudai hivyo ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Bwana mwenye mashamba hahitaji jarida la kumruhusu akae.

Ndani kulikuwa na nini? Toleo lilikuwa na riwaya ya mfululizo, hadithi fupi kadhaa, mashairi kidogo, na michoro karibu kila ukurasa. Riwaya ya Mark Twain, The American Claimant, ilitolewa humo kwa mafungu kuanzia 1892. Arthur Conan Doyle, rafiki wa wahariri wote wawili, alitoa humo barua za kubuni za daktari kijana, The Stark Munro Letters, mwaka 1894 na 1895. W. W. Jacobs, karani wa benki ya akiba ya posta aliyekulia gatini Wapping, alipata humo nafasi kwa vichekesho vyake vya mabaharia kabla jina lake halijajulikana. Na Jerome mwenyewe alitoa Novel Notes, kisa cha marafiki wanne wanaokutana kila mara kuandika riwaya kwa pamoja na hawaifikishi popote, maana kila wakitaka kumpanga mhusika, mmoja anakumbuka kisa. Sisi tuliowahi kuandika kazi ya kikundi hatuhitaji kuelezwa.

Sehemu mbili za jarida hili zinastahili kukaliwa kitako. Ya kwanza ni mfululizo ulioitwa "My First Book", yaani kitabu changu cha kwanza. Waandishi waliokwishapata jina waliombwa wasimulie walivyotunga na kuchapisha kitabu chao cha mwanzo. Leo tumezoea mahojiano ya namna hiyo mpaka tumechoka, lakini hebu fikiria maana yake wakati ule, kwa karani anayejaribu kuandika usiku. Haggard alisimulia kuwa riwaya yake ya kwanza, Dawn, ilichipuka kutokana na uso wa msichana aliyemwona kanisani. Kipling alieleza jinsi alivyotengeneza kijitabu chake cha mashairi huko Lahore mwaka 1886 kikafanana na faili la serikali, kikiwa kimefungwa kwa utepe kama nyaraka za ofisini.

Stevenson ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Makala yake ilitoka Agosti 1894, miezi minne tu kabla ya kufariki kwake Samoa. Anaanza kwa kukiri kwamba Treasure Island si kitabu chake cha kwanza hata kidogo, ni riwaya yake ya kwanza iliyokamilika, lakini umma hauhesabu vingine. Kisha anasema kisa chote kilianza na ramani. Mwaka 1881, katika nyumba moja huko Braemar, Uskoti, mvua ikinyesha, alichora ramani ya kisiwa kwa kucheza na mtoto wa mkewe, na watu wa hadithi wakaanza kumchungulia kutoka katika ile misitu ya wino. Baba yake mzazi, mhandisi mzima, akaingia mchezoni akaorodhesha vitu vya kuwekwa katika kasha la baharia. Halafu linakuja jambo ambalo mtunzi wa kwetu akiliandika leo ataitwa mbele ya kamati: Stevenson anataja aliyoyachukua kwa wengine. Kasuku ni wa Robinson Crusoe. Mifupa ya maiti inayoonyesha njia ni ya Poe. Boma limetoka kwa Marryat. Na kwa Washington Irving anakiri kuwa amechota kwa ndoo. Mwisho anasimulia kwamba ile ramani ya asili ilipotea ilipopelekwa kwa mchapishaji, ikabidi akae na kitabu chake mwenyewe, apekue kila umbali na kila mwelekeo uliotajwa, achore ramani nyingine inayolingana na maneno. Anasema ya pili haikuwa kisiwa chake tena.

Nilipoyasoma hayo niliweka kitabu chini. Miaka yote tunabishana kuhusu "athari", nani kamwiga nani, na tunabishana kwa sauti ya polisi. Hapa mtunzi anamwaga mfuko wake mezani, vitu vyote vionekane, na anafanya hivyo ndani ya jarida la vichekesho kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na ruhusa ya kusema ukweli bila kujikweza. Jarida zito lingemtaka azungumzie nadharia ya riwaya.

Sehemu ya pili iko mwishoni mwa kila toleo, nayo iliitwa "The Idlers' Club". Waandishi kadhaa walitoa maoni mafupi juu ya mada moja, kila mmoja akimdaka mwenzake, michoro midogo ikiwa imetawanyika pembeni mwa maneno. Hawakufikia uamuzi wowote. Kwa msomaji wa pwani yetu sina haja ya kueleza sana: ni baraza. Ni ile baraza ya jioni mbele ya nyumba, mmoja analeta neno, mwingine analigeuza, wa tatu anacheka, kahawa inamiminwa, na mada ya jana haikumbukwi. Nayo haikuwa ya karatasi peke yake. Ofisi ya jarida katika mtaa wa Arundel, pembeni ya barabara ya Strand, ilikuwa na alasiri za chai ambapo waandishi wenye majina na wasio na majina walikutana. Nadhani hapa ndipo siri ya jarida ilipokuwa. Mengine yote, yaani hadithi, picha, bei, The Strand nalo lilikuwa navyo, na kwa wingi zaidi. Lakini The Strand lilikuwa duka. The Idler lilikuwa kibaraza.

Kibarazani watu hutaniana. Mei 1892, Barr, kwa jina lake la Luke Sharp, alitoa humo kisa cha mpelelezi Sherlaw Kombs na mwenzake Whatson. Kombs anatazama, anakunja uso, anatoa hitimisho kwa fahari kubwa, na matokeo yanamwumbua. Tazama tarehe hiyo. Mfululizo wa kwanza wa hadithi kumi na mbili za Holmes katika The Strand ulikuwa haujaisha, uliisha Juni. Yaani Holmes alikuwa bado hajamaliza mwaka katika jarida hilo, na tayari kuna mtu aliyeona kwamba mpelelezi asiyekosea ni kichekesho kinachosubiri kuchekwa. Na Doyle hakununa. Tumeona kwamba baadaye alimpa Barr na Jerome kazi zake.

Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu Holmes ana ukoo huku kwetu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale uliochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau, ana kiko chake na ana Najum wake wa kumshangaa, na wahakiki wetu wameshaandika sana juu ya deni hilo kwa Doyle. Ninachoona kimepungua ni kicheko. Bwana Msa anachekesha. Najum anachekesha zaidi, hasa anapodhani ameshaelewa. Tukimsoma tukiwa na Holmes peke yake mkononi tunaona mwanafunzi anayenakili. Tukimsoma tukijua kwamba namna hii ya hadithi iliishi na utani wake tangu mapema, basi ucheshi wa Abdulla hauwi tena mapambo yaliyoongezwa juu ya upelelezi. Sisemi kwamba Abdulla alisoma The Idler, sina ushahidi huo na wala hauhitajiki. Nasema sisi ndio tuliosoma nusu tu ya urithi.

Lakini nisije nikaonekana nimeoa. Jarida hili lililomtetea karani wa London halikuwa jarida la wanyonge wa dunia. Mwaka 1890 Uingereza iliifanya Zanzibar nchi ya himaya, na mwaka 1895 ikatangaza himaya yake ya Afrika Mashariki. Miaka hiyo hiyo wacheshi wetu walikuwa wakinywa chai Arundel. Ule utani wa Kipling kuhusu kijitabu kilichofungwa kama faili la serikali ni mtamu, nami nilicheka, ila ni utani wa aliye upande wa ndani wa meza. Aliyesimama upande wa nje, akingoja faili lake lipatikane, hakuombwa kuandika habari ya kitabu chake cha kwanza. Tabaka na taifa ni mizani mbili, na mtu aweza kupunjwa katika moja huku akipunja katika nyingine. Jerome binafsi alikuja kuonyesha ujasiri usiotarajiwa: katika ziara ya Marekani, mjini Chattanooga, alisimama mbele ya hadhira ya watu weupe akalaani mauaji ya watu weusi yanayofanywa na makundi. Hilo ni lake kama mtu. Sioni kwamba liliwahi kuwa msimamo wa jarida.

Lilikufaje? Si kwa kukosa wasomaji, angalau si mwanzoni, na wala wale wahakiki wenye "h" zao kamili hawakulidhuru. Lilidhurika kupitia ndugu yake. Mwaka 1893 Jerome alianzisha gazeti la wiki lililoitwa To-Day, akawa anayaendesha yote mawili. Humo ndimo ilimotoka The Ebb-Tide ya Stevenson na Lloyd Osbourne. To-Day lilikuwa na ukurasa wa habari za fedha, na mwandishi wa ukurasa huo alizishambulia kampuni za Samson Fox, mhandisi tajiri wa Leeds. Fox akashtaki kwa kashfa. Kesi ilisikilizwa mwaka 1897, ikaburutwa siku nyingi, na baraza la wazee wa mahakama likampa Fox ushindi wa fidia ya robo peni. Robo peni! Hiyo ni namna ya Kiingereza ya kumwambia mtu ameshinda lakini hapendwi. Balaa ni kwamba kila upande uliamriwa ujilipie gharama zake. Kwa hesabu ya Jerome mwenyewe, za kwake zilifika pauni 9,000 na za Fox pauni 11,000. Jerome akalazimika kuuza hisa zake katika magazeti yote mawili.

Barr alikuwa ameshajitenga na uhariri kabla ya hapo, kwa hiyo kiti kikabaki wazi. Mwaka 1899 jarida liliangukia mikononi mwa Sidney Sime, mchoraji aliyewahi kufanya kazi ndani ya mgodi wa makaa ya mawe utotoni na ambaye sasa alikuwa amepata urithi. Sime alikuwa fundi wa picha za ajabu, mizimu na miungu isiyo na dini, na baadaye aliipamba vitabu vya Lord Dunsany. Kwa muda The Idler likawa zuri kulitazama kuliko kulisoma. Fedha zikaisha. Mwaka 1902 Barr alirudi kulishika tena, akalishikilia mpaka mwisho.

Miaka hii ya pili naipita haraka kwa sababu hainivutii. Hadithi nzuri zilikuwapo: mwaka 1910 William Hope Hodgson alitoa humo visa vya Carnacki, mpelelezi wa mapepo, na anayependa vitisho atavifurahia. Lakini kile kibaraza hakikuwepo tena. Jarida likafanana na majarida mengine kumi yaliyouzwa kwenye vituo vya treni, na msomaji wa treni hana uaminifu, hununua lililo mbele ya macho. Toleo la mwisho likatoka mwaka 1911. Barr alifariki Oktoba 1912. Jerome aliishi hadi 1927, akiwa ameandika tamthilia na riwaya alizotaka zichukuliwe kwa uzito, na umma ukaendelea kumwuliza habari za wale vijana watatu na mashua yao.

Jambo moja linanisumbua bado. Waandishi wa "kibaraza" kile wengi wao sasa tunawasoma katika vitabu vilivyojalidiwa, kila mtu peke yake, bila michoro, bila mwenzake wa kumdaka neno. Kazi ya Stevenson kuhusu ramani utaikuta mwishoni mwa matoleo ya riwaya, imevaa tai, inaitwa insha. Ilipozaliwa ilikuwa kurasa chache tu kutoka kwenye vichekesho, katika kitu cha peni sita ambacho aliyekinunua angeweza kukiacha kwenye kiti cha treni. Sijui kama darasa la uhakiki lina njia ya kufundisha hilo, yaani kufundisha mahali ambapo maneno yalikaa na yalikaa na nani. Majarida ya Kiswahili ya hadithi na katuni tuliyoyasoma tukiwa watoto hayapo katika orodha yetu ya vitabu vya lazima, na mengi hayapo maktaba.

Muhula huu nimelipeleka tena pendekezo langu la kichekesho. Safari hii nimelipa kichwa cha habari chenye maneno kumi na nane, mawili kati yake siyaelewi vizuri. Bado sijajibiwa.